Vigingi vya Upande wa Bahari

Ijumaa, 12 Aprili

Kabla ya saa nne asubuhi nimemaliza kazi ambayo halmashauri ingeifanya kwa wiki mbili. Mgongo unauma. Najivunia.

Jana mhandisi Ranjini alikuja kutoka makao makuu na kupanga vigingi vya njia yetu. Ya waenda kwa miguu na baiskeli, kilomita tano, kutoka hapa Kurrabel hadi Hesper. Sisi tunajenga nusu, Hesper wanajenga nusu, tunakutana juu ya Mwinuko. Sahihi za kuiomba nilizikusanya mimi, mia mbili na kumi na moja. Mwenyekiti wetu Glenys anadai kumi na tisa kati ya hizo zina mwandiko mmoja. Watu wa Kurrabel tumesoma shule moja, mwandiko utakosaje kufanana?

Lengo langu ni moja, naliandika hapa nisilisahau. Jumapili ya tarehe 12 Mei ni Siku ya Mama. Siku hiyo nitampelekea Lorna maua meupe kwa baiskeli yangu, peke yangu.

Mke wangu Lorna amelala Hesper. Alizaliwa kule, na miaka arobaini na sita ya kukaa nami haikumfanya awe mtu wa Kurrabel. Nina miezi minane bila yeye. Mwezi wa pili daktari wa macho alininyang'anya leseni. Pembeni naona vizuri, katikati pana ukungu. Kwa hiyo kila Jumapili ananipeleka jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Bevan. Mtu mwema. Anaongea kuanzia getini kwangu hadi kaburini, na pale kaburini anaendelea.

Kasoro moja tu. Vigingi viliwekwa ng'ambo ya barabara, upande wa mashamba. Geti langu liko upande wa bahari. Kila nikitaka kutoka ningelazimika kuvuka barabara kuu yenye malori ya nafaka, yanayokimbia kilomita mia moja na kumi kwa saa. Mtu asiyeona katikati!

Basi nimevihamisha. Vigingi hamsini, toroli moja, nyundo moja, na kuvuka mara mbili tu, alfajiri kabla ya malori. Nilivaa kizibao changu cha rangi ya chungwa cha enzi za kazi kwenye silo la nafaka. Magari yalipunguza mwendo, madereva wakanipungia. Mwanamume mwenye kizibao cha chungwa haulizwi kitu.

Sasa njia inapita getini kwangu.

Jumamosi, 13 Aprili

Msaragambo wa kwanza, kazi ya kujitolea ya mji mzima. Matrekta manne, makoleo yasiyo na idadi, kifusi cha chokaa cha halmashauri. Glenys alitazama vigingi, akatazama ng'ambo, akasema alidhani njia ni ya kule. Nikamwambia wahandisi wana tabia ya kubadili mawazo. Akasema hilo kweli, na akapuliza filimbi.

Mita mia tano kwa siku moja. Njia nyeupe, imeshindiliwa, imenyooka. Nilitembea juu yake na viatu vya kanisani. Mama mmoja wa maktaba alipita na kitoto kwenye kigari, kikiwa kimelala. Barabara ile ile ambayo juzi mtu na akili zake asingeweka mguu kando yake.

Baadaye soseji, kila moja kwenye kipande chake cha mkate, na ugomvi wa kila mwaka kama kitunguu kikae chini au juu. Bevan alinitazama huku akitafuna. Akasema njia imekaa pazuri, mbali na geti lake, mbwa wake watalala. Akacheka kidogo. Sikupenda kile kicheko.

Jumapili, 14 Aprili

Mambo yameharibika.

Tulikuwa tunaelekea Hesper, Bevan akisimulia goti lake, tulipopita Mwinuko. Akakatiza goti na kusema, hebu ona, Hesper nao wamefika mbali. Nikauliza wako upande gani. Akasema upande wa mashamba, kwani we huoni? Kisha akakumbuka kwamba sioni, akaomba radhi hadi makaburini.

Kumbe Ranjini aliweka vigingi vya miji yote miwili siku ile ile. Mimi niliamini angeanzia pale tulipoishia. Njia haiwezi kuruka barabara, nilijiambia. Sikuuliza.

Makaburi yako upande wa mashamba. Kwa hiyo ile barabara niliyoiondoa getini kwangu nimeihamishia Mwinukoni, katikati ya mimi na Lorna. Tena pale hakuna hata nyumba, na malori yanatokeza juu ya kilima bila taarifa.

Nilitaka kumweleza Lorna polepole, kama nilivyokuwa nikimweleza mambo yangu, yeye akiwa anamenya tufaha na kulitia chumvi. Bevan alikuwa amesimama pale pale akieleza goti la kushoto.

Kesho namwambia Glenys ukweli wote. Vigingi vitarudi. Heshima yangu itapona.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilifika kwa Glenys na kofia mkononi. Hakunipa nafasi. Aliniuliza kama nimewaona wale mabwege wa Hesper. "Wanajenga upande usio wao, Clarrie! Wameshikilia kweli kweli, na jembe juu. Waache. Siku ya kukutana tutawaona sura zao."

Nikasema pengine ni vizuri kuwatonya.

Akasema atakayewatonya anamtoa kwenye kamati siku hiyo hiyo, na jina lake halitawekwa kwenye kibao cha ufunguzi. Nikauliza, kibao kipi? Akanionyesha karatasi. Kibao cha shaba, majina kumi na mawili. Langu ni la tatu.

Nikavaa kofia.

Jioni nilifikiri sana. Hawa watu wanapita barabara ile kila siku. Kurrabel nzima inaona kosa, na Kurrabel nzima imefunga mdomo kwa raha. Nadhani Hesper nako ni hivyo hivyo. Tangu ule ugomvi wa fainali ya mpira wa mwaka themanini na saba, hakuna upande ambao ungeuambia mwingine kwamba nyumba yake inaungua.

Alhamisi, 18 Aprili

Mpango mpya. Kama sisi hatuwezi kuhama, Hesper wahame.

Mwenyekiti wa Hesper ni Ivor, kaka yake Lorna. Mtu mgumu, anatia karoti kwenye mkate wake wa nyama, kama wote wa kule. (Lorna pia alitia karoti. Nilikula miaka arobaini na sita na kukanusha hadharani.) Nimemwandikia barua isiyo na jina. Nimemshauri wahamie upande wa bahari, kwa kuwa upande wa mashamba una nyoka wa kahawia wengi kupita kiasi. Nimetia sahihi, Mpenzi wa Hesper. Mwandiko nimeuinamisha kushoto. Kazi safi.

Jumamosi, 20 Aprili

Ivor alipiga simu wakati wa chai.

"Shemeji," akasema, "nyoka wa kahawia hawana upande. Halafu ukitaka kujificha, usiandike nyuma ya kalenda ya wastaafu wa silo."

Nikasema kalenda hizo wanazo wengi. Akasema ndiyo, wanazo wanne, na watatu hawajui kuandika 'kupita kiasi'. Kisha akasifu kazi yetu. Amepita jana, akasema, njia yenu nzuri mno, endeleeni hivyo hivyo, msibadilishe hata kidogo. Alikuwa anajizuia kucheka. Namjua. Lorna alijizuia kwa namna ile ile, puani.

Msaragambo wa leo: mita mia sita. Hata kwa huzuni naweza kusema, ni njia bora kuliko yao.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua.

Mvua ya kwanza ya msimu, milimita ishirini na mbili. Kila mkulima alikuwa akiiomba tangu mwezi wa tatu. Saa moja asubuhi matrekta yote manne yaliyokuwa yakibeba kifusi yalikuwa mashambani yakipanda shayiri. Huwezi kumlaumu mtu. Ardhi ikilowa, hapa hata harusi huahirishwa.

Baada ya msaragambo wa Jumatano kimebaki kipande cha mita mia tisa. Makoleo tunayo, wa kuyashika hakuna. Glenys anasema tutamaliza mwezi wa sita, kwani haraka ya nini. Haraka yangu iko kwenye chungu pembeni mwa tangi la maji, imeanza kutoa vichwa vyeupe.

Nerida, binti yangu, alipiga simu kutoka mjini. Akasema baba, nitakuja Siku ya Mama nikupeleke kwa gari, mbona unahangaika? Nikamwambia abaki na watoto wake, wamfurahishe yeye. Akauliza kwa nini lazima niende peke yangu. Nikasema hali ya hewa ni nzuri. Akasema baba, nimeuliza kitu kingine. Nikamwambia kuna mtu mlangoni.

Hapakuwa na mtu mlangoni.

Jumatano, 1 Mei

Ushindi mkubwa. Nauandika kirefu.

Jana nilisimama kwenye foleni ya duka la mikate na kumwambia Bevan, kwa sauti ya siri, kwamba Hesper wameapa kumaliza kabla yetu na kuja Mwinukoni na ngoma na tarumbeta. Ni uongo mtupu. Bevan hajawahi kubeba siri hata hatua kumi.

Leo saa mbili asubuhi, siku ya kazi, watu arobaini na mmoja na matoroli! Mwalimu mkuu, wauguzi wawili waliotoka zamu, bibi wa miaka themanini na tatu mwenye koleo la bustanini. Kifusi kilipita mkono kwa mkono. Glenys aliniambia kwamba hajui nani aliyewaamsha, lakini anampa heko. Nikainamisha kichwa.

Baadaye nikasikia Hesper nao wamejaa barabarani tangu alfajiri. Mtu amewaambia kwamba sisi tumeapa. Simjui ni nani, ila nahisi anatia karoti.

Jumamosi, 4 Mei

Mita mia tatu zimebaki. Malengelenge mawili.

Nilitafuta barafu kwenye friza nikakuta tena ile mikate mitatu ya nyama ya Lorna, na karatasi zenye mwandiko wake. Tarehe, na neno moja: Clarrie. Nimeirudisha. Siyo ya kula.

Nimejaribu kuvuka barabara kwa mazoezi, hapa getini. Nilisikiliza, nikahesabu, nikaweka mguu. Honi ikanipitia puani. Sikuliona lile lori kabisa, niliuona upepo wake tu. Bevan alikuwa dirishani na kikombe chake. Alikuja akanishika mkono, akanirudisha ndani, akaweka birika jikoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikaa nusu saa bila kuongea.

Alipokuwa akiondoka ndipo aliposema kwamba ile Ijumaa ya mwezi wa nne alikuwa dirishani pia.

Nikamwuliza mbona hakuniumbua. Akasema, "Mbwa wangu wanalala, mzee mwenzangu. Na wewe ulikuwa unaimba. Sikuwa nimekusikia ukiimba tangu msibani."

Sikumbuki kuimba.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ya kukutana.

Saa tano kasoro tulifika juu ya Mwinuko na toroli la mwisho. Hesper walifika dakika hiyo hiyo. Sisi upande wa bahari, wao upande wa mashamba. Katikati yetu lami, upana wa hatua kumi na tano. Watu mia kila upande, wote wakitabasamu, kila mmoja akingoja wa ng'ambo waone aibu.

Lori likapita. Tukangoja. Likapita la pili.

Glenys akapaza sauti, kwa upole wa kutisha, kwamba watu wa Hesper wamefanya kazi nzuri, pole tu kwamba ni upande usio wenyewe. Ivor akajibu kwamba yeye ndiye anayetoa pole. "Sisi tumefuata ramani, mama. Nyinyi mmefuata nini?"

Ndipo ilipofahamika kwamba hakuna mtu wa Kurrabel aliyewahi kufungua ramani. Tumeishi hapa maisha yetu yote, ramani ya nini? Ilikuwa kwenye gari la Glenys, chini ya keki. Ikafunguliwa juu ya boneti ya gari. Mstari mwekundu, upande wa mashamba, mwanzo hadi mwisho.

Ranjini alikuwa amekuja kwa ufunguzi, na mkasi mkononi. Alitazama ramani, akatazama njia zetu mbili, akakaa kwenye ukingo wa toroli. Akauliza taratibu, nani alihamisha vigingi?

Nilijua wakati umefika. Nilivua kofia. Nikapiga hatua mbele na kusema, "Mimi..."

Glenys alinikanyaga. Kwa kisigino, tena kiatu cha kazi. Akamwambia Ranjini kwamba Clarrie alitaka kusema kuwa ulikuwa uamuzi wa mji. Kurrabel ilifikiri kwa kina, akasema, ikachagua upande wa bahari kwa sababu ya mandhari. Mtu wa nyuma akaongeza, na upepo. Mwalimu mkuu akasema, na kwa elimu ya ndege wa pwani. Baada ya dakika tano watu mia moja wa Kurrabel walikuwa wanaamini kwamba walipiga kura.

Nilisimama pale na kidole gumba kikidunda. Sijawahi kuupenda mji huu kama leo.

Ranjini akasema njia zote mbili ni nzuri kuliko za watu wanaolipwa, lakini hapa Mwinukoni panahitaji kivuko, na mwendo wa magari upunguzwe. Itafanyika tathmini. Muda gani? Miezi mitatu, pengine minne. Utepe ulikatwa mara mbili, kila upande wake. Kibao kimefungwa kwetu. Nimeligusa jina langu kwa kidole. Limeandikwa sawasawa.

Miezi mitatu. Siku ya Mama ni kesho.

Jumapili, 12 Mei

Nilikata maua saa mbili. Kumi na moja, meupe, makubwa. Nikayafunga nyuma ya baiskeli kwa kamba ya viatu. Bevan alikuwa ameegesha gari nje, mlango wazi. Nikamwonyesha njia. Akafunga mlango.

Kilomita mbili na nusu, peke yangu. Niliiona njia vizuri kwa sababu ni nyeupe na ina kingo, na kingo ndizo macho yangu yanazozijua. Nilipishana na watu sita. Msichana mmoja alipiga kengele, nami nikapiga yangu. Familia yenye mbwa ilinipisha pembeni, wakaniambia asante kwa njia. Kwa nini waliniambia mimi, sijui. Nilipanda Mwinuko bila kushuka.

Kisha nikafika ukingoni.

Nilisimama pale dakika arobaini. Nilihesabu magari kwa masikio. Mara mbili niliweka gurudumu la mbele kwenye lami, mara mbili nikalirudisha. Hatua kumi na tano tu. Nilifikiri kurudi na kumwomba Bevan. Niliyatazama maua kwa jicho la pembeni, yalikuwa yanaanza kuinama.

Ndipo sauti ng'ambo ikasema, "Shemeji, utasimama hapo hadi Krismasi?"

Ivor. Ameketi kwenye kiti cha kukunja, koti la kanisani, chupa ya chai. Yuko pale tangu saa mbili. Kwenye ukungu wangu wa katikati nilikuwa nimemdhania kigingi.

Akavuka, akashika usukani wa baiskeli kwa mkono mmoja na kiwiko changu kwa mwingine. Akangoja. Akasema, sasa. Tukavuka, tukaifuata njia yao kwa miguu.

Nikamwambia kwamba vigingi nilivihamisha mimi. Akasema anajua tangu wiki ya kwanza. Nani mwingine hushindilia udongo kwa kisigino hivyo, mara tatu kila kigingi? Ndio mtindo wako tangu enzi za silo, akasema. Nikauliza mbona hakusema. Akasema alitaka kutushinda. "Nilikuwa nangojea sura yako siku ile, shemeji. Halafu jana nikaiona. Haikunifurahisha."

Nikamwuliza kama amempelekea dada yake maua. Akasema amepeleka jana, ili leo pawe pangu. Getini mwa makaburi akasimama. Hakuingia. Alisema ana chai yake.

Nilikaa na Lorna saa moja na nusu. Hakuna goti la mtu. Nilimweleza yote, vigingi, nyoka, kisigino cha Glenys. Nilikaa kimya pia, kitu ambacho sikuwa nimepata nafasi ya kukifanya tangu tumzike.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeenda tena. Ivor alikuwepo na kiti chake. Jana aliniambia kwamba atakuwepo kila siku saa nne hadi kivuko kijengwe, mvua au jua, na wala nisimshukuru.

Nimefikiri jambo hili usiku kucha. Haiwezekani. Mtu wa Kurrabel, jina la tatu kwenye kibao, kushikwa kiwiko kila siku na mtu wa Hesper! Kwa miezi mitatu!

Na halmashauri inahitaji tathmini ya nini? Kivuko ni mistari tu. Mistari sita, myeupe. Stoo nina ndoo mbili za rangi iliyobaki tulipopaka banda la kuku, na brashi pana. Kizibao cha chungwa kimefuliwa. Alhamisi asubuhi barabara huwa tulivu, kwa kadiri ninavyosikia. Sitamwambia mtu, hata Bevan. Hasa Bevan.

Nimemweleza Lorna mpango wote leo, hatua kwa hatua, pale pale.

Hakupinga. Zamani angepinga kabla sijafika kwenye rangi.